Kutoka Maili Moja hadi Maneromango

Kwa miaka yote niliyosafiri kwenda Morogoro, Kibaha nilikuwa naipita tu. Basi linapunguza mwendo Maili Moja, wachuuzi wanainua korosho na maji hadi dirishani, halafu huyo, Mlandizi, Chalinze. Safari hii nilishuka. Nilikuwa nimesikia kwamba huku mtu anayekuja kukupimia mtoto nyumbani hubeba simu badala ya daftari, nikataka nione mwenyewe.

Mpango wenyewe unaitwa Afya-Tek, na ulianza wilayani hapa mwaka 2020. Walioubuni pamoja na serikali ni mashirika ya Apotheker, D-tree na Simprints ya Uingereza, na kampuni ya Inspired Ideas ya Dar es Salaam. Fedha zilitoka Fondation Botnar ya Uswisi. Orodha ndefu hiyo, lakini wazo lake ni fupi: kuwaunganisha watu watatu wasiosemezana, ambao mgonjwa wa kijijini hupita mikononi mwao: mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayemfuata nyumbani, muuzaji wa duka la dawa muhimu, na muuguzi wa zahanati. Mama aliyeambiwa jana ampeleke mtoto zahanati, leo yuko dukani ananunua panadol, na aliyempa ushauri hana habari.

Nilifuatana na mhudumu mmoja katika kijiji cha upande wa Mlandizi, mama wa makamo, simu yake kaifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya manyunyu. Alipiga hodi, akaamkiwa, akaketi kwenye kigoda bila haraka. Mtoto ana homa tangu lini? Ananyonya? Ametapika? Amepata degedege? Simu ndiyo iliyokuwa ikimpa maswali, moja baada ya jingine, na haikumruhusu kuruka hata moja. Kisha akamwomba mama wa mtoto aweke kidole kwenye kifaa kidogo cha kusoma alama. Kikakataa. Mkono wa mshika jembe huchakaa alama, na jambo hili waliosajili laini zao za simu kwa kidole wanalijua vizuri. Mama akajifuta kwa ncha ya khanga, akajaribu kidole kingine, kikakubali.

Rufaa ikaandikwa hapo hapo. Kabla mama hajamaliza kumfunga mtoto mgongoni, zahanati ilikuwa imeshaiona kwenye kishikwambi chake. Kwangu hilo halikuwa la ajabu, kwani ujumbe wa simu tumeuzoea. Lililonishangaza ni la baadaye: mama asipofika, mhudumu anakumbushwa arudi kumtazama. Zamani rufaa ilikuwa kipande cha karatasi, na kikipotea njiani, mgonjwa naye kapotea.

Duka la dawa lilinipa picha isiyo laini sana. Maduka haya ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003, yakaenea nchi nzima, na vijijini ndiyo mlango wa kwanza wa tiba, tupende tusipende. Dada aliyekuwa zamu aliniambia bila kuficha: "Kaka, mtu kaja na hela yake anataka dawa ya kikohozi. Mimi nianze kumuuliza maswali? Wengine wanachoka, wanakwenda duka la pili." Hata hivyo anauliza. Anasema akina mama wenye watoto ndio wavumilivu.

Kibaha si mgeni wa majaribio. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Oslo walijaribu hapa na Bagamoyo kuingiza takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kwenye kompyuta, kazi iliyo katika ukoo mmoja na mfumo wa DHIS2 unaotumiwa leo na nchi nzima. Mwaka 2011 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kibaha: wahudumu wa vijijini walipopewa kipimo cha haraka cha malaria, waliwapa dawa ya mseto karibu nusu tu ya wagonjwa wa homa, bila kipimo waliwapa karibu wote.

Hapo ndipo naona faida ya simu hizi kwa watafiti. Ukimuuliza mama leo mtoto aliugua siku ngapi mwaka jana, atakukisia. Simu huandika tarehe na jibu siku ile ile, na inaonyesha ni katika hatua gani watu wanaacha kufuata tiba. Lakini kidole kilitolewa kwa ajili ya homa ya mtoto. Kukitumia kwa utafiti ni ombi jingine, linalohitaji ridhaa nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imetupa pa kusimamia. Katika nyumba zile sikusikia mtu akiuliza alama zake zinahifadhiwa wapi, na mimi nisingeuchukulia ukimya huo kuwa ndiyo.

Kutoka Mlandizi nilipanda bodaboda kwenda Kisarawe kwa njia ya ndani, kupitia Mzenga kwenye reli ya TAZARA. Mikorosho, mihogo, baiskeli za mkaa. Mtandao wa simu ulikuja na kuondoka.

Kwenye zahanati moja ya upande wa Maneromango nilimkuta muuguzi yuko peke yake, vitabu vya MTUHA vimepangwa mezani: namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, na vingine chini yake. Mwisho wa mwezi anakaa kujumlisha. Nilimsimulia ya Kibaha. Akasikiliza huku anaandika, kisha akauliza swali moja tu: wale wenye vishikwambi, vitabu wameacha kujaza?

Nikamwambia hapana, nilikopita wanajaza kote kuwili.

"Basi wakituletea," akasema, "walete na mtu wa pili."

Akamwita mgonjwa aliyefuata.