Mtihani wa Majaribio na Moyo wa Mtoto

Miongoni mwa kazi zitakazomwangukia mwalimu mwanafunzi atakapotoka chuoni, hakuna inayozungumzwa sana na kufundishwa kidogo kama kazi ya kuliandaa darasa la mwisho kwa mtihani. Chuoni twajifunza kuandika andalio la somo, kutengeneza zana na kutunga maswali. Lakini namna ya kukaa na kijana wa miaka 13 au 14 ambaye mkono unamtetemeka kabla hajaigusa karatasi, hilo kila mmoja hulikuta darasani na kulitafutia njia yake. Nimefundisha hisabati katika darasa la saba kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo imepita katika shule za vijiji vya Bonde la Kilombero. Katika makala haya napenda kuwaeleza walimu wenzangu wanaoianza kazi jambo moja ninaloliamini: kwamba mtihani wa majaribio, ambao watoto wote huuita moko, huipunguza hofu au huizidisha kutegemea yale anayoyafanya mwalimu baada ya karatasi kukusanywa.

Moko ni kipimo, si hukumu

Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ndilo linalosimamia mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambao kwa kawaida hufanyika mwezi wa Septemba. Kabla ya hapo wilaya na mikoa huandaa mitihani ya majaribio. Nia yake ni njema: mwalimu ajue mada zipi hazijaeleweka, na mtoto azoee saa, karatasi na ukimya wa chumba cha mtihani. Mganga humpima mgonjwa damu ili ajue dawa ya kumpa, wala hampimi ili amwaibishe mbele ya wagonjwa wenzake.

Hata hivyo, sote tumeona kinyume chake. Matokeo hubandikwa ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Majina ya walioshika mkia husomwa mbele ya mstari asubuhi. Wako hata walimu ambao huhesabu maswali yaliyokosewa na kuyalipa kwa fimbo. Mwalimu mwanafunzi hana budi kuzijua kanuni. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaitaja adhabu hiyo kwa makosa makubwa ya nidhamu, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na isizidi viboko vinne. Kukosa swali la sehemu si utovu wa nidhamu. Ni habari ambayo mtoto amempa mwalimu wake, na mtoa habari haadhibiwi.

Tena fimbo haifundishi kile tunachodhani inafundisha. Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kutofautisha vijumba viwili, na panya aliyekosea alipata mshtuko wa umeme. Kazi ilipokuwa ngumu, panya waliopewa mshtuko wa wastani walijifunza upesi kuliko waliopewa mshtuko mkali. Naam, hao walikuwa panya, nasi tunalea watoto wa watu. Lakini kila aliyewahi kusimamia mtihani amekwisha kuona jambo linalofanana na hilo. Wasiwasi kidogo humwamsha mtahiniwa. Wasiwasi mwingi humfanya asome swali mara nne na asielewe hata neno.

Katika bonde letu hofu hiyo ina sura yake. Shule nilizofundisha zilikutwa na moko wa wilaya wakati mpunga umekomaa. Watoto wengi walikuwa wametoka mashambani, walikolala katika dungu na kuamia ndege tangu alfajiri. Mtoto wa namna hiyo haogopi mtihani kwa kuwa ni mvivu. Anaogopa kwa sababu anajua vipindi vingapi vimempita.

Marudio ya daftari lililofungwa

Dawa ya kwanza ya hofu ni kujua, na kujua huja kwa marudio mema. Mtazame mwanafunzi anayejisomea chini ya mwembe. Atalisoma daftari lake tangu mwanzo hadi mwisho, kisha atalirudia, na kila akirudia maneno yatazidi kufahamika machoni pake. Huona kuwa amekwisha kuyajua. Asubuhi ya mtihani daftari halipo, na yale maneno nayo hayapo.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilikisoma kifungu mara ya pili, na jingine lilikiweka kando na kuandika yote lililoyakumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Kabla yao, mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha, kwa kujipima yeye mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, katika saa na siku za kwanza baada ya kujifunza.

Kwa mwalimu wa kijijini hii ni habari njema, kwani haihitaji fedha. Fungeni madaftari. Kila mmoja aandike kwa dakika kumi yote anayoyakumbuka juu ya eneo la pembetatu au mzunguko wa damu. Kisha wafungue, wajisahihishe wenyewe, wapige mstari chini ya yale waliyoyasahau. Mada hiyohiyo irudiwe kesho yake kwa maswali matatu, baada ya juma moja kwa maswali mawili, na baada ya mwezi kwa swali moja. Zoezi hili lisiandikwe alama yoyote. Mtoto aliyezoea kujipima mara mia bila kuadhibiwa haushangai mtihani wa mara ya mia na moja.

Masahihisho ndiyo somo lenyewe

Karatasi za moko zikirudi, shule nyingi hukimbilia kutafuta wastani na nafasi. Mimi hulitenga juma zima, nikaacha mada mpya, na kazi ya juma hilo ni masahihisho. Makosa ya kila mtoto huyagawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la mambo asiyoyajua. Mtoto anayejumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano amejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Huyo hakusahau wala hakupitiwa. Hajaijua sehemu ni kitu gani. Afundishwe upya, kwa chungwa au kwa karatasi iliyokunjwa, mpaka aone mwenyewe kwamba jibu, yaani tano ya sita, linakaribia kizima, ilhali mbili ya tano haifiki hata nusu aliyoanza nayo.

Fungu la pili ni la mambo anayoyajua ila akateleza: amesahau kubeba, au amesoma mita akaandika sentimita. Huyo hahitaji somo jipya. Anahitaji mazoea ya kurudi nyuma na kukagua kazi yake.

Fungu la tatu ni la waliopotea katika karatasi. Majibu ya maswali ya kuchagua hutiwa kivuli kwa penseli katika fomu inayosomwa na mashine. Mtoto akiruka swali la 12 katika karatasi ya maswali, asiliruke katika fomu, jibu la 13 litakaa katika nafasi ya 12, na yote yanayofuata yatahama. Nimewahi kumwona kijana mwenye akili nyingi akiwa miongoni mwa wa mwisho kwa sababu hiyo tu. Nilipomwonyesha, alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu.

Faida ya mafungu haya ni kwamba mtoto haambiwi tena, “Umepata 19.” Anaambiwa, “Maswali saba ni ya kuteleza, manne ni ya fomu, yaliyobaki tutayasoma pamoja.” Hofu isiyo na jina hugeuka kuwa kazi yenye hesabu, na kazi yenye hesabu humalizika.

Karatasi isiyokaa katika fungu lolote

Mwaka 2018 nilikutana na karatasi iliyoyashinda mafungu yangu yote matatu. Ilikuwa ya binti mmoja hodari wa hisabati. Katika fomu alitia kivuli herufi B tangu swali la kwanza hadi la mwisho la kuchagua. Lakini pembeni mwa karatasi ya maswali, njia alizifanya kwa penseli, moja baada ya nyingine, kisha akazifuta. Mifereji ya penseli ilibaki, na kwa mwanga wa dirisha niliweza kuisoma. Zote zilikuwa sahihi. Mtoto huyu alikuwa anajua, akaficha kujua kwake.

Sikumwuliza mbele ya wenzake. Nilimwomba anisaidie kupanga vitabu ofisini, nikaiweka ile karatasi mezani, nikanyamaza. Baada ya muda alisema, “Mwalimu, nikifaulu kutakuwa na ugomvi nyumbani.” Alikuwa akilelewa na bibi na mjomba wake. Mjomba alikwisha kusema kwamba hana fedha za sekondari, na kwamba kuna mtu mjini anatafuta msichana wa kazi. Kufeli kungemaliza maneno bila mtu kulaumiwa. Tumezoea kuwaliwaza wanaoogopa kushindwa. Huyu aliogopa kushinda, na maneno yetu ya kila siku, “Jitahidi, utafaulu,” yalikuwa yanamtisha.

Nilikwenda nyumbani kwao jioni pamoja na mwalimu mwenzangu anayeshughulikia malezi ya wasichana. Nilimwamkia bibi, tukapewa mkeka. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alisema, “Mwalimu, wewe unafundisha, mimi ndiye ninayelisha.” Nilimjibu kwamba ni kweli, na kwamba tumekuja kuhesabu, si kulaumu. Tukahesabu. Ada za sekondari za serikali hadi kidato cha nne zilikwisha kuondolewa tangu Januari 2016, na hilo alilisikia ila hakuliamini. Zilibaki sare, viatu, madaftari na chakula. Bibi, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, “Huyu ndiye anayenisomea karatasi za dawa. Akienda mjini nitasomewa na nani? Gunia langu moja la mpunga liuzwe.” Mjomba akatazama chini, halafu akasema, “Basi afanye mtihani kwa akili yake yote. Mengine tutayaona.”

Hayo hayakuwa maneno makubwa, lakini yalimtosha mtoto. Septemba alifanya mtihani, akachaguliwa, na Januari nilimwona njiani amevaa sketi ya binamu yake iliyopunguzwa kiunoni. Sidai kwamba kila mlango unaobishwa hufunguliwa. Nimebisha mingine ambayo haikufunguliwa, na watoto wake sikuwaona tena. Nasema tu kwamba kama ningeitazama alama peke yake, nisingejua kwamba mlango upo. Tangu mwaka ule nina fungu la nne, la karatasi ambazo hazifanani na mtoto mwenyewe. Halijai, lakini kila mwaka nalitafuta.

Siku za mwisho

Juma la mwisho kabla ya mtihani si la kumwaga maarifa mapya. Wako wanaowakesha watoto kambini hadi usiku wa manane kwa nia njema. Wataalamu wa usingizi nchini Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kila siku, na kile kilichosomwa bila usingizi hakikai. Zungumza na wazazi kabla, si kwa barua peke yake, uwaombe mambo matatu tu: mtoto apunguziwe kazi za jioni kwa juma hilo, alale mapema, na asitoke nyumbani asubuhi na njaa. Mzazi asiyejua kusoma aweza kuyatimiza yote matatu, na akiyatimiza ajue kwamba amemsaidia mtoto wake kufanya mtihani.

Darasani, panga madawati kama yatakavyopangwa siku yenyewe, ukawazoeshe kuandika namba ya mtahiniwa, kusikiliza maelekezo, na kuanza na swali wanalolijua. Wafundishe pia la kufanya moyo ukianza kwenda mbio: kuweka penseli chini, kuvuta pumzi taratibu mara tano, kisha kulisoma upya swali moja tu. Wajaribu jambo hilo wakiwa watulivu, ili wasije wakalitafuta wakiwa wamekwisha kuingiwa na hofu.

Ndugu mwalimu mwanafunzi, katika mazoezi ya kufundisha utapewa rundo la karatasi usahihishe, na utaambiwa ulete alama kesho. Zilete, kwa kuwa ni wajibu wako. Lakini kabla ya kuzirudisha kwa watoto, keti nazo usiku mmoja zaidi, uyapange makosa katika mafungu yake, na pembeni mwa kila karatasi uandike jambo moja ambalo mtoto huyo aweza kulifanya kesho asubuhi. Kisha mpe karatasi yake mkononi, mtu kwa mtu, wala usiibandike ukutani.