Kidole kinachosema WEWE

Najua kijiwe hiki kimeota nyasi. Nilipotea kwa sababu ya aibu tu, na leo nimeamua kuitoa.

Ilikuwa hivi. Boom lilipotoka niliona tangazo kwenye simu: laptopu iliyotumika, sh. 180,000, "zimebaki mbili tu". Nikatuma hela. Baada ya dakika kumi jamaa hapatikani, picha imefutwa, mimi nimekaa juu ya dabo deka naangalia ukuta. Mwalimu mtarajiwa, mwaka wa pili, nimesoma saikolojia ya elimu mpaka nikapata B+, halafu naibiwa kama mtoto wa chekechea! Na hela yenyewe ilikuwa ya kwenda field. Nilimwambia rumu meti wangu tu.

Likizo ikafika nikaenda nyumbani Mwandoya. Kwa wasiopajua, ni wilaya ya Meatu, mkoa wa Simiyu, ambao ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo tulikuwa Shinyanga. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Baba analima, na pembeni anaandika mabango ya maduka. Siku tatu nilizunguka na maneno mdomoni. Ya nne, tukiwa tunachambua pamba, nikamwambia yote. Nilitegemea mvua ya maneno. Mzee akanyamaza, akaingia ndani, akarudi na sanduku la bati.

Jamani, lile sanduku! Majarida ya katuni ya ujana wake, yameliwa na mchwa pembeni. Kulikuwa na Sani kadhaa, zile za Komredi Kipepe, Pimbi, Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. (Mnajua jina Sani limetoka wapi? Ni Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, waanzilishi wake, wameunganisha majina.) Baba akayaweka pembeni yote, akavuta moja ambalo si Sani. Halina gamba, na jina lake hata yeye hakumbuki. Akafungua karibu na mwisho.

"Soma hapo, Mayu."

Ananiita Mayu kwa kuwa nina jina la mama yake.

Lilikuwa tangazo dogo, halizidi viboksi viwili vya kiberiti. Mkono umechorwa umetokeza kwenye shati, kidole kinakuelekea usoni. Juu yake neno WEWE!, herufi nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, kama sauti inayopanda. Chini yake vijana wawili: wa kwanza kalamu inamtoa jasho, wa pili ametabasamu na tai shingoni. JIFUNZE KUCHORA KWA POSTA. Halafu kuponi, nukta nukta pande zote na kimkasi kidogo kwenye kona.

Wadau, pamoja na yaliyonikuta, nilitamani kujaza ile kuponi. Nilikaa nalo muda mrefu kujiuliza kwa nini. Kwanza, hakuna chapa ya mashine hata moja mle. Kila herufi imeandikwa na mtu, kalamu ya wino mweusi, karatasi ya bei rahisi, na hakuwa na nafasi ya kupoteza. Ndani ya viboksi viwili vya kiberiti aliweka tatizo, dawa, na anwani. Pili, limechorwa kwa mkono uleule unaochora hadithi, kwa hiyo ukitoka kwenye hadithi hujui kama umetoka. Unajiona na wewe ni mhusika, na sura inayofuata ni yako.

Nikamuuliza mbona kuponi haijakatwa.

Hapo ndipo aliponieleza. Ilikuwa mwaka 1985, alikuwa amemaliza darasa la saba. Nyuma ya ile kuponi kulikuwa na mwisho wa hadithi, na jarida lilikuwa linazunguka kijiji kizima. Ukikata, umewaharibia wenzako. Basi akachukua karatasi ya daftari akainakili kuponi yote, nukta kwa nukta, mpaka kale kamkasi. Akajaza jina, akatia shilingi 40 kwenye bahasha, akampa mwalimu aliyekuwa anaenda Shinyanga mjini. Shilingi 40 alizichomoa kwenye hela ya pamba ya bibi, bila kuomba.

Hakikuja kitu. Alisubiri mpaka mvua za mwaka uliofuata. Bibi alihisi kapunjwa kwenye mizani, akalalamika hivyo mpaka anafariki, na baba hakuwahi kumwambia.

Nilirudi chuo nikiwa bado naliwaza lile tangazo, nikaanza kutafuta mengine ya zamani. Kumbe Marekani majarida ya katuni yalijaa vitu hivi. Charles Atlas aliuza mazoezi yake kwa kikatuni kamili: kijana mwembamba anatimuliwa mchanga ufukweni na mbabe, anajifua, anarudi na misuli na kulipiza. Yale ya Sea-Monkeys, aliyoyachora Joe Orlando, yalionyesha familia yenye taji ikiishi kwenye maji. Mtoto akituma hela anapata mayai ya viumbe vidogo jamii ya uduvi. Walianguliwa kweli, ila taji hakuna! Leo watu wazima wanakusanya majarida yale, na lenye kuponi isiyokatwa ndilo linalopendwa zaidi. Nikamfikiria mzee wangu na kamkasi kake.

Ila kuna kitu niliona siku ya kuondoka, ndicho kilichonifanya niandike leo. Nasubiri basi, naangalia mabango ya baba pale senta. Kinyozi, fundi cherehani, duka la pembejeo. Kwenye la kinyozi kuna mkono umetokeza kwenye shati, kidole kinaelekeza mlangoni. Nimepita chini ya kile kidole tangu nikiwa mdogo. Ni kilekile! Na herufi zake nene huku, nyembamba kule. Hayo masomo ya posta hayakuja, lakini ile siku ya kunakili kuponi alikuwa ameshayaanza.

Sisemi wizi ni shule, msinielewe vibaya. Laki na themanini yangu haijaniachia hata mchoro, na hela ya field bado naitafuta (mwenye dili ya tuisheni anishtue).

Basi lilipokuja, baba alipandisha begi langu, akasema kama anaongea na mtu mwingine:

"Mayu, ile arobaini yako naikumbuka."

Sikujua nimjibu kama mimi au kama bibi. Nikamwambia, "Nimesamehe."

Haya, desa linaniita, kesho kuna testi. Usiku mwema wadau, tuko pamoja.