Nilikwenda Nachingwea kufufua kompyuta ya mjomba

Basi lilipinda Nanganga, likapita Ruangwa ambako vijana kituoni walikuwa wametinga jezi za Namungo, na jua lilipozama nikashuka Nachingwea. Vumbi mpaka kwenye kope, msomaji wangu! Mkononi nina begi, mfukoni flashi.

Mjomba ana duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Laptopu yake ni ya 2012. Fundi mmoja alimwambia aitupe, eti Windows 10 imeachwa na wenyewe tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiingii kwenye mzee yule. Kweli, ukijaribu kwa njia ya kawaida inagoma: inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya kizazi cha karibuni.

Mimi mtoto wa mjini nikacheka. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo Rufus. Unaipa faili la Windows 11, inaliandika kwenye flashi huku ikiondoa yale maswali ya chipu na memori. Mashine inapita mlangoni bila kuulizwa kitambulisho!

"Shikamoo mjomba, dakika arobaini tu," nikajigamba.

"Marahaba, mjomba," akajibu, maana huku tunaitana hivyo hivyo. "Lakini kwanza nakili madeni yangu."

Humo ndimo alimoandika wote waliokopa huduma wakingojea pesa za korosho. Nikaona ananichelewesha, ila mkubwa ni mkubwa, nikanakili.

Basi bwana, kazi imefika asilimia 60, umeme ukakatika! Betri ilikwishakufa siku nyingi. Umeme uliporudi, kioo cheusi tii. Windows ya zamani hakuna, mpya hakuna. Jasho lilinitoka, jamani. Bila ile nakala, ningeanza kutembea nyumba kwa nyumba kuuliza nani anadaiwa nini.

Usiku ule mjomba hakunigombeza. Alinihadithia habari za Waingereza waliokuja kulima karanga baada ya vita. Mpango ulianza 1947, na Nachingwea ikawa moja ya maeneo yake. Ati hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta! Ardhi na mvua havikukubaliana nao, mwaka 1951 wakaacha, na reli ya kutoka Mtwara nayo ikang'olewa baadaye.

"Kifaru kinaweza kulima," akasema, "ila usiuze jembe."

Asubuhi nikarudia. Safari hii ikakubali! Inajivuta kidogo kwa memori ya GB 4, lakini barua ya kwanza ilitoka kabla ya saa nne. Nikamweleza mjomba ukweli: Microsoft haiahidi kuendelea kuiletea masasisho mashine ya namna hii, na kompyuta za zamani zaidi, kama Core 2 Duo, toleo la 24H2 haliwaki kabisa. Ikigoma siku moja, tutaweka Linux Mint, nayo ni ya bure.

Akaitikia kwa kichwa, akachomoa flashi ya madeni, akaifungia kwenye kasha la pesa.

Nimerudi Dar na mfuko wa korosho, na somo moja: kabla hujajifanya fundi, nakili kwanza. Tukutane wiki ijayo!