Picha Safi, Bega Bovu

Alhamisi, 6 Juni 2024. Tandika
Daktari kainua eksirei dirishani, kasema mfupa mzima, huna kitu. Nimeshukuru, nimetoka na hasira zangu. Tangu bodaboda inimwage pale Mtoni kwa Azizi Ali, Novemba, hakuna aliyesema nimevunjika. Eksirei ni ya mifupa. Misuli na kano utavitafuta mle hadi kesho. Shemeji naye: "Kama picha safi, sasa kinachouma nini?"

Jumapili, 9 Juni
Mama mkubwa kaja kutoka Mbagala na chupa ya mafuta ya karafuu. Kanichua nikang'ata kanga. "Vumilia mwanangu, damu imevilia." Damu ya Novemba ivilie hadi Juni? Nikanyamaza, mkubwa habishiwi. Ila usiku nimelala, na kwa hilo mafuta yake nayaheshimu.

Jumanne, 11 Juni
Kliniki ya mazoezi. Binti mdogo tu, lakini kaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: bega linaanza kuuma saa ngapi, ukiwa unafanya nini? Nikamwambia ni kwenye pasi, kabla hata ya cherehani. Kasema jeraha lenyewe lilishapona. Kilichobaki ni mishipa ya fahamu iliyozoea kupiga kelele, na misuli iliyodhoofika kwa kulindwa mno. Maumivu yakivuka miezi 3 huitwa sugu, na Shirika la Afya Duniani limeyapa nafasi yake kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Laiti angeniandikia hilo na muhuri, nimpe shemeji.

Vidonge vya maumivu, diklo, kanikataza kununua kila jioni kama vocha: tumbo litatoboka, na figo nazo.

Zoezi lenyewe: mpira wa tyubu, ule ule wanaofungia mizigo kwenye bodaboda (nimecheka peke yangu). Naufunga kwenye nondo ya dirisha, kiwiko nakibana ubavuni, navuta mkono nje polepole, narudisha polepole zaidi. Cherehani dakika 20, kisha nisimame. "Hata kama haliumi?" Kasema hasa kama haliumi.

Ijumaa, 14 Juni
Idi Jumatatu. Madera yamejaa hadi kwenye kiti cha wateja. Dakika 20 wiki hii ni za watu wenye mshahara. Nimeshona mpaka saa saba usiku, najua nitakacholipa, na nitalipa. Kodi ya fremu haijui bega.

Jumatano, 19 Juni
Limewaka mpaka shingoni. Kilemba kanifunga mwanangu. Nimempigia yule binti: niendelee kulala? Hapana, nusu ya kazi, lakini ifanyike, na mpira nivute ulio mwepesi zaidi. Nimekata vitambaa kwa mkono wa kushoto. Kuna sketi moja hapa sijui itavaliwa na nani.

Jumamosi, 29 Juni
Seremala kapunguza miguu ya meza ya pasi. Nilikuwa nainua bega hadi karibu na sikio kila nikipiga pasi, siku nzima, na hakuna aliyeliona, mimi mwenyewe wala daktari. Jioni limeuma kidogo tu, la kuchoka.

Mteja kataka sare sita Alhamisi. Nimemwambia Jumamosi. Kasonya, kaondoka, karudi: tatu kaniachia, tatu kapeleka kwa jirani.