Amana Niliyoisahau Roshanini



Nimezoea kuwaandikia juu ya malezi ya watoto, maisha ya mke na mume, na haki za jamaa na jirani. Juma hili naomba radhi niandike juu ya kosa langu mwenyewe. Mwalimu anayesimulia makosa ya watu na kuyaficha yake hutia doa somo lake.

Mwanzo wa mwaka 2025 nilikuwa Marekani, katika jiji la Los Angeles, nimekwenda kumzuru binti yangu ambaye ni muuguzi huko, pamoja na mumewe na mjukuu wangu wa miaka tisa. Wanakaa Encino, upande wa bondeni, katika nyumba ya ghorofa yenye ua katikati na ngazi za nje. Ukisimama roshanini waiona milima ya Santa Monica imejipanga upande wa kusini, na ng'ambo ya milima hiyo ndiko iliko bahari.

Kwetu pwani, Januari ni mwezi wa kaskazi, upepo wenye harufu ya chumvi. Kule kuna upepo uitwao Santa Ana. Huo hutoka majangwani, ukashuka milimani kuelekea baharini, nao ni mkavu hata midomo hupasuka. Mvua ya maana ilikuwa haijanyesha kwa miezi mingi, na vichaka vya milimani vilikuwa vimekauka kama makuti ya zamani.

Jumanne tarehe 7 asubuhi moto ukazuka Pacific Palisades, karibu na bahari. Jioni yake ukazuka mwingine juu ya mji wa Altadena, mashariki ya jiji. Upepo ulivuma usiku ule kwa nguvu ambazo ndege za zimamoto hazikuweza kuzikabili, zikazuiwa kuruka. Kabla mioto ile miwili haijazimwa, majengo zaidi ya 16,000 yaliharibiwa. Miongoni mwake ulikuwamo Masjid al-Taqwa wa Altadena. Siku ya Ijumaa, tulipokuwa tukiwaombea dua watu wa msikiti ule, niliwaona wanaume wazima wakilia katika safu.

Ijumaa hiyo hiyo usiku moto wa Palisades ukageuka, ukapanda bonde liitwalo Mandeville kuelekea upande wetu. Waliokaa juu yetu mlimani waliamriwa kuhama. Mtaa wetu ulipewa onyo: fungeni mizigo, na aliye mzee, mgonjwa au mwenye kwenda polepole asingoje amri, atoke mapema.

Mlango wa kukabiliana na wa binti yangu, ng'ambo ya ua, alikaa bibi mmoja kizee wa Kiirani, mjane, mwenye kutembea kwa mkongojo. Jumamosi alfajiri, baada ya swala, binti yangu aliitwa hospitalini. Alipokuwa akifunga viatu aliniambia, "Baba, mume wangu atarudi kazini saa tano, atampeleka bibi kwa jamaa zake. Tafadhali saa nne nenda kamgongee mlango, umshushie mkoba wake. Yeye mwenyewe hawezi zile ngazi na mzigo."

Nikamwambia, "Nenda mwanangu, usiwe na wasiwasi. Hiyo ni amana."

Neno hilo nililitamka kwa kinywa changu.

Saa tatu zilipopita, mbingu ya kusini ilijaa ndege. Mimi nimezaliwa kisiwani Mombasa, meli nimeziona za kila namna, lakini jambo lile sikupata kuliona. Palikuwa na ndege za manjano na nyekundu ambazo Kaunti ya Los Angeles huzikodi kila mwaka kutoka Quebec, nchini Kanada. Hizo hushuka mpaka usoni mwa bahari, zikakwangua maji kwa tumbo bila kusimama, na kwa sekunde kama 12 huwa zimejaza lita 6,000 hivi, zikapanda tena kwenda kuyamwaga motoni. Palikuwa na helikopta zenye mirija mirefu ya kunyonyea maji. Palikuwa na ndege kubwa, zilizokuwa zamani za abiria, zikipita chini chini juu ya vilima na kuachia dawa ya rangi ya waridi iliyotanda kama kanga iliyoanikwa. Baadaye mkwe wangu alinifahamisha kwamba dawa ile haikusudiwi kuzima ndimi za moto. Huwekwa mbele yake, juu ya majani ambayo hayajashika, ili moto ukifika usipate cha kula.

Nikachukua simu nikatoka roshanini. Nilipiga picha ya kwanza, ya pili, ya kumi. Nikazituma katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, na huko Mombasa, ambako ilikuwa ni usiku, majibu yakaanza kumiminika: Subhanallah, Allah awahifadhi, sheikh tutumie nyingine. Mama watoto peke yake ndiye aliyeuliza, "Na nyinyi mmeshatoka?" Sikumjibu. Nilikuwa naingoja ndege ya manjano izunguke tena, kwa kuwa picha ya mwanzo mkono wangu ulitikisika.

Mjukuu wangu akaja akanivuta kanzu. "Babu, saa nne imepita."

"Ngoja kidogo, babu."

Akaja tena. Nikamjibu vile vile. Mara ya tatu hakuja kunivuta. Nilimsikia akipiga kelele kutoka uani.

Nilishuka mbio kwa kadiri ya umri wangu. Bibi yule alikuwa ameketi chini ya ngazi, mguu mmoja umepinda chini yake, mkoba umefunguka, vichupa vya dawa vimetawanyika sakafuni, na mtoto wa miaka tisa amepiga magoti akiviokota kimoja kimoja. Mkongojo ulikuwa umebaki juu, maana mkono mmoja alishika mkoba na wa pili alishika ukuta. Hakulia. Aliniambia tu kwa Kiingereza kuwa asumbuka kunisumbua.

Mkwe wangu akafika, tukambeba mpaka garini. Hospitalini walikuta mfupa wa kifundo umeingia ufa. Moto, alhamdulillahi, haukufika kwetu. Upepo ulikuwa umepungua siku ile, na zile ndege pamoja na watu waliokuwa milimani na majembe yao wakauzuia mgongoni mwa mlima.

Usiku ule sikupata usingizi. Miaka zaidi ya thelathini nasomesha haki ya jirani. Mlango wa amana katika vitabu vya fiqhi naujua tangu ningali kijana wa madrasa. Jumla ya hatua baina ya mlango wetu na wa bibi yule hazizidi ishirini.

Baada ya siku chache nilikwenda kumjulia hali kwa jamaa zake, mimi na binti yangu na mtoto. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, lakini bibi alinitangulia. Alisema maneno ambayo sitayasahau mpaka kaburini. Alisema, "Siku ile nilikutazama kutoka dirishani kwangu. Nilikuona umevaa kanzu yako na kofia, umeelekea milimani, umeinua mikono yote miwili. Nikajua unatuombea Mungu. Sikutaka kukukatiza, ndiyo nikashuka peke yangu."

Binti yangu alinitazama. Mtoto naye alinitazama, naye ndiye aliyejua.

Ndugu zangu, sikufichi ewe msomaji: moyo ulinishauri ninyamaze. Mzee wa watu amefarijika, kwa nini umvunje? Na wewe utabaki na heshima yako mbele ya binti yako. Shetani akitaka kumpata mtu wa dini haji na pombe, huja na hoja nzuri kama hizo. Lakini nilimwona yule mtoto akiningoja, nikajua kuwa nikinyamaza hapo, yote niliyomfundisha juu ya ukweli yatakuwa ni sauti tu.

Nikamwambia bibi, "Sikuwa nikiomba dua. Nilikuwa napiga picha za ndege. Binti yangu aliniachia amana nije kukuchukua saa nne, nami nikaisahau. Mguu wako umeumia kwa sababu yangu. Nisamehe."

Alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza, "Zilitoka vizuri?"

Sikufahamu. Akanyoosha mkono akasema, "Hizo picha. Nionyeshe, kwa kuwa mguu wangu ndio uliozilipia." Akacheka, tukakaa pamoja tukizitazama, yeye akinionyesha kwa kidole njia ya mlimani ambayo yeye na marehemu mumewe walikuwa wakitembea. Alinisamehe, Allah amlipe kheri. Lakini msamaha wake haukuunga mfupa, na mwezi mzima baadaye alikuwa bado hawezi kurudi nyumbani kwake.

Mkwe wangu ndiye aliyenisimulia habari ya siku mbili kabla ya kisa changu. Alhamisi tarehe 9, mtu mmoja alirusha droni, kile chombo kidogo chenye kamera, ili aone moto ulivyoharibu. Akakipeleka mbali hata asikione tena, kikagongana na mojawapo ya zile ndege za manjano na kutoboa bawa lake. Ndege ilitua salama, lakini ikawekwa chini kwa matengenezo siku kadhaa, wakati nyumba zingali zikiungua. Mtu yule baadaye alikiri kosa mahakamani. Niliposikia nilitaka kumlaumu, ulimi ukawa mzito. Yeye alitaka kuona tu. Nami nilitaka kuonyesha tu.

Sisemi kwamba picha ni haramu. Picha zilizopigwa siku zile ziliwajulisha watu wengi hatari ilipo, na mimi zangu sikuzifuta. Nasema kuna utaratibu: roho za watu kwanza, kisha ahadi uliyoitoa, kisha ndipo habari. Hapa kwetu, mtaa ukishika moto, nimeona kwa macho yangu gari la zimamoto likipiga honi katika kichochoro kilichojaa vijana walioinua simu, na ndoo ziko tupu. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hawakusema mpige picha.

Basi kila nyumba leo na iketi iulizane: moto ukizuka mtaani, nani atamtoa bibi wa jirani? Nani atamshika mtoto wa mama aliye kazini? Jina la mtu litajwe, na mtu huyo ajue ni amana. Kwetu tumeshafanya hivyo. Jirani wetu wa kushoto ni mzee asiyeona, na jina lililotajwa kwake ni langu.

Allah atusamehe tuliyoyasahau, awafariji waliopoteza nyumba na wapendwa wao, na atujaalie mikono yetu ikiinuka, iwe imeinuka kwa jambo la kheri. Amin.