Maziwa ya Koko

Mwaka jana mama mkwe alipanda basi kutoka Monduli kuja Dar kumwona mjukuu wake. Alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, amekipakata njia nzima kama mtoto. Hata hajapumzika, akamimina kikombe, akamnyooshea binti yetu wa miaka mitano na kusema, "Kule."

Mtoto akageuka kuangalia mlangoni. Na mimi nikageuka! Kumbe kwa Kimaasai kule ni maziwa.

Siku hiyo tulicheka mpaka basi. Lakini kicheko hakikudumu. Koko, ndivyo Wamaasai wanavyomwita bibi, ana Kimaasai chake na Kiswahili cha kuombea maji. Binti yetu Kiswahili anakisikia, ila akijibu ni Kiingereza. Sheria hiyo niliiweka mimi. Jamani, msinihukumu. Niliwahi kukosa kazi kwa sababu kwenye usaili Kiingereza kilinikwama kooni, nikaapa mwanangu hataionja aibu ile. Basi nikawa mkalimani kati ya watu wawili wa damu moja.

Wiki ya pili Koko akaomba arudishwe kwake. Alimwambia mume wangu, "Namwombea mtoto baraka, lakini baraka zangu hazioni mlango wa kuingilia."

Usiku ule mume wangu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Yeye ni mtu wa habari za anga, basi akaanza kunisimulia. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja kikiwa na santuri iliyopakwa dhahabu yenye salamu za lugha 55. Miaka kama 40,000 ijayo Voyager 1 itapita upande wa nyota iitwayo Gliese 445. Kiluganda kimo kwenye santuri. Kisumeri, ambacho wenyewe walishakufa zamani za kale, kimo. Kiswahili hakimo, Kimaasai ndo kabisa.

"Mama watoto," akasema, "wenzetu wanabeba mpaka lugha za wafu kuzipeleka mbinguni. Sisi mwenye lugha yuko hai chumba cha pili, tunamkatia tiketi."

Sikulala. Nikawaza, baada ya miaka 40,000 binadamu watafanana na sisi kweli? Mwili wenyewe haukai ulivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba uwezo wa mtu mzima kumeng'enya maziwa ulienea kwa wafugaji wa huku ndani ya miaka kama 7,000 tu. Ndiyo maana mume wangu anamaliza jagi la maziwa freshi bila wasiwasi, mimi glasi moja tu tumbo linanguruma! Hakuna aliyekaa kikao kupanga hilo. Mama alimpa mwanawe kikombe, naye akampa wake.

Lugha nayo ni hivyo hivyo. Karne ya 10, msafiri Al-Masudi aliandika cheo cha wafalme wa pwani yetu, na wataalamu wengi wanalisoma neno lile kuwa "wafalme". Miaka elfu na zaidi! Limepita midomo ya akina mama wangapi mpaka kunifikia mimi, mtoto wa Tanga? Maneno mangapi mengine yaliishia kwa mama mmoja aliyeona, kama mimi, kwamba hayana faida?

Asubuhi niliingia chumbani kwa Koko, nikamwomba anifundishe na mimi. Tiketi hatukukata. Alimaliza mwezi.

Sijamhamisha mtoto shule, na Kiingereza bado nakitaka. Nilichofuta ni ile sheria. Kwetu sasa kuna lugha tatu mezani, na zote tunazivunjavunja. Wajukuu wa wajukuu zangu wataongea nini sijui, na huenda ningewasikia nisingeambulia hata neno.

Jumapili tunampigia Koko simu. Binti yangu anainamisha kichwa mbele ya simu, kama alivyofundishwa kuwasalimia wakubwa, akisubiri aguswe utosini.

Juzi kaniomba kikombe cha kule. Safari hii sikugeuka mlangoni.