Nyumbani Ndiko Tunakoshindwa

Mtaani kwetu, hapa Lubumbashi, kuna kiwanja cha mpira nyuma ya kanisa. Hakina majani. Wakati wa kiangazi udongo wake mwekundu hupanda juu hata nguo nyeupe za Misa zikawa na rangi ya matofali, na wakati wa mvua lango la upande wa chini hugeuka kidimbwi cha bata. Hapo ndipo timu yetu inapopokea wageni wake, na hapo ndipo ilipotufedhehesha msimu mzima uliopita.

Nasema ilitufedhehesha kwa sababu ugenini haikuwa hivyo. Vijana hawa hawa walikwenda Kipushi, wakashinda. Walikwenda Likasi juu ya lori la kubebea mchanga, wakafika wakiwa na vumbi hata kwenye kope za macho, wakashinda 3 kwa 1. Lakini wakirudi kwetu, mbele ya mama zao na majirani na watoto wa katekisimu, miguu yao huwa kama miguu ya kuazima. Katika mechi saba za nyumbani walishinda moja tu, na siku hiyo wageni walicheza watu kumi, maana mwenzao mmoja alitolewa nje kabla ya mapumziko.

Binadamu hapendi jambo lisilo na sababu. Kwanza tulimlaumu mkufunzi wa timu, mtu mpole anayefundisha bila mshahara baada ya kazi yake ya useremala. Kisha tukawalaumu waamuzi. Mwishowe ikavuma habari kwamba wageni wamefukia dawa katika lango la chini. Jumamosi moja jioni wazee wanne, ambao siku nyingine ni watu wa akili, walikuja na majembe wakalichimba lango lile. Walipata kijiko, vizibo vya chupa, na soli ya kiatu cha mtoto. Juu ya soli hiyo walijadiliana mpaka giza likaingia. Wakaichoma moto, wakarudisha udongo kwa haraka bila kuushindilia. Kesho yake, dakika za mwanzo tu, mpira hafifu ulikuja ukitambaa, ukafika penye udongo ule uliolegea, ukaruka juu ya mkono wa mlinda lango wetu. Goli. Wazee walitazamana. Mmoja wao alisema, “Hatukuchimba kwenda chini vya kutosha.”

Marehemu baba yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, angecheka sana. Yeye alikuwa akisema kwamba ugonjwa huu wa kushindwa nyumbani ni wa zamani, tena umewapata watu wakubwa kuliko sisi. Kila alipotaja mpira alianzia mwaka 1939, wakati Mapadri Wabenedikto wa Elisabethville walipoanzisha timu kwa ajili ya vijana wa shule yao. Timu hiyo iliitwa Saint-Georges, baadaye Saint-Paul, na ilipotoka mikononi mwa mapadri ikaitwa Englebert, kwa jina la kampuni ya matairi. Leo dunia yote inaijua kwa jina la TP Mazembe.

Mwaka 1967 Englebert walicheza na Asante Kotoko wa Ghana kugombea kombe la klabu bingwa za Afrika. Kumasi walitoka sare 1 kwa 1. Kinshasa, sare tena, 2 kwa 2. Mechi ya tatu ikapangwa, Kotoko hawakutokea, na kombe likawa letu. Katika mashindano ya mwaka 1968 walilichukua tena, kwa kuwapiga Étoile Filante wa Lomé 5 kwa 0 katika ardhi yetu. Hadi hapo baba alisimulia kwa furaha. Kisha sauti yake ilishuka. Desemba 1969, Kinshasa, walitoka 2 kwa 2 na Ismaily wa Misri, wakaenda kufungwa 3 kwa 1 Cairo. Mwaka uliofuata wakakutana tena na Kotoko. Mechi ya kwanza, Kumasi, 1 kwa 1. Watu wakasema: sasa wanakuja kwetu, mambo yamekwisha. Tarehe 24 Januari 1971, Kinshasa, Kotoko wakashinda 2 kwa 1, wakaondoka na kombe.

Baba alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, amekaa chini ya dirisha la jirani mwenye redio. Alisema kwamba baada ya filimbi ya mwisho hakuna aliyeizima ile redio. Iliendelea kupiga muziki na watu wamekaa tu. (Mimi nilipokuwa mwanafunzi nilimpinga: Kinshasa iko mbali na Lubumbashi zaidi ya kilomita 1,500, je, hapo ni nyumbani? Alinijibu kwamba mbele ya mtu wa Kumasi, hata Kinshasa ni nyumbani. Nikanyamaza.)

Nami nimeyaona ya wakati wangu. Tarehe 2 Aprili 2023 Yanga ya Dar es Salaam ilikuja hapa Lubumbashi ikaifunga Mazembe 1 kwa 0, katika kiwanja cha Kamalondo ambacho kwa miaka mingi kiliwatia wageni baridi. Na nani amesahau tarehe 9 Septemba 2025? Timu ya taifa ilikuwa Kinshasa, katika Uwanja wa Mashujaa, ikicheza na Senegal kutafuta njia ya Kombe la Dunia. Bakambu alifunga, Wissa akafunga. 2 kwa 0, na nusu saa na kidogo tu zimepita. Katika nyumba nilimokuwa, mwenye televisheni alikuwa ameanza kugawa soda. Senegal walirudisha moja kabla ya mapumziko, wakarudisha la pili, na dakika za mwisho wakafunga la tatu. Soda yangu ilibaki nusu. Miezi miwili baadaye, Novemba, vijana wale wale wakiwa ugenini Rabat, nchini Moroko, waliishinda Kameruni 1 kwa 0, na siku tatu baadaye wakaitoa Nijeria kwa penalti. Basi, mtu atasemaje?

Wenye kuupeleleza mchezo huu husema kwamba kwa desturi timu ya nyumbani ndiyo hushinda zaidi, na ni kweli. Lakini mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, mechi nyingi za Ulaya zilipochezwa bila watazamaji, faida hiyo ilipungua. Tena waamuzi walionekana kuwaadhibu wageni mara chache kuliko zamani. Maana yake kelele zetu humfikia mwamuzi kabla ya kuwafikia wachezaji wetu. Na timu ndogo kama yetu ina shida nyingine: mgeni akija hupanga watu wote mbele ya lango lake na kungoja, kwa kuwa kwake sare ni heshima. Wenyeji lazima washambulie. Wakishambulia dakika ishirini bila goli, sisi wa kando huanza kunung'unika, kisha kupiga miluzi, kisha kutaja majina.

Hapa sina budi kuungama kosa langu mwenyewe, maana nisipolisema makala haya yatakuwa ya uongo.

Mlinda lango wetu ni mwanafunzi wangu. Ana miaka kumi na saba. Ni mrefu, mkimya, hodari wa hesabu, si hodari sana wa Kifaransa. Jumapili ile ya goli la udongo uliolegea, nilikuwa nimesimama nyuma ya lango lake, hatua kama nne. Mpira ulipompita nilipaza sauti. Sitayaandika hapa maneno niliyoyasema. Yatosha kujua kwamba hayakuwa maneno ya mwalimu, na kwamba yalimtaja marehemu baba yake, ambaye zamani alikuwa mlinda lango mashuhuri wa mtaa huu. Watu walicheka. Kijana hakugeuka. Aliuokota mpira wavuni, akaupangusa kwa mikono yote miwili, polepole, kama mtu anayepangusa sahani, akaurusha katikati ya kiwanja.

Jumatatu hakuja shuleni. Jumanne hakuja. Darasani nilikuwa nikifundisha huku nikitazama kiti chake. Nilikumbuka habari ya Barbosa, mlinda lango wa Brazil, aliyefungwa goli la pili na Uruguay katika uwanja wa Maracanã tarehe 16 Julai 1950, mbele ya umati mkubwa ajabu wa watu wa nchi yake. Brazil ilihitaji sare tu. Barbosa aliishi hadi mwaka 2000, na muda wote huo watu hawakuacha kumwonyesha kidole kwa ajili ya goli lile moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewasimulia wanafunzi habari hiyo mwaka uliotangulia, nikiwauliza kama ni haki. Wote walijibu kwamba si haki, na yeye alikuwa mmojawapo.

Jumanne jioni nilikwenda kwao. Mama yake huuza makaa mbele ya nyumba. Alinikaribisha kwa heshima kubwa, akanifutia kiti, na kwa heshima ile nikajua kwamba mtoto hakumwambia lolote. Hilo lilinichoma kuliko kama angenifukuza. Kijana alitoka, tukakaa chini ya mwembe. Nilimwambia, “Mwanangu, nimekuja kukuomba msamaha.” Alitazama chini. Wazee wetu hawakutuzoesha kumwomba mtoto msamaha, na mtoto naye hajui aweke wapi mikono yake.

Baada ya muda alisema, “Mwalimu, kule Likasi walinitukana mchana kutwa. Lakini kule hawanijui. Ni kelele tu, kama mvua juu ya mabati. Hapa nasikia sauti moja moja. Najua hii ni ya fulani, hii ni ya mwenye duka, hii ni ya mjomba. Mpira ukija, mimi nasikiliza kwanza.” Akanyamaza, kisha akasema, “Yenu niliijua pia.”

Nilimuuliza kama ataacha kucheza. Alisema hapana, hakuna mwingine wa kulinda lango. Nikamuuliza kama kuna jambo ninaloweza kumfanyia. Alifikiri sana, kama anavyofikiri ubaoni, akasema, “Jumapili msisimame nyuma ya lango langu, Mwalimu. Simameni upande mwingine.”

Jumatano alikuja shuleni. Jumapili, baada ya Misa ya pili, nilikwenda kiwanjani mapema, nikawaomba wale wazee wanne tushindilie udongo wa lango la chini; tulifanya kazi hiyo kwa miguu, kama watu wanaocheza ngoma, na watoto wakatucheka. Mechi ilipoanza nilijisogeza mpaka kona ya mbali, karibu na ukuta wa zahanati, mahali ambapo mtu haoni vizuri. Wageni walifunga kwanza. Nilishika ulimi kwa meno. Nilimwona kwa mbali akiuokota mpira, akiupangusa, akiurusha. Mara moja alitazama nyuma ya lango lake, pale nilipozoea kusimama. Palikuwa na mtoto mdogo tu na baiskeli.

Tulisawazisha dakika za mwisho, 1 kwa 1. Tulipokuwa tukirudi, mwenye duka alisema kwamba hata hivyo msimu huu hatujashinda nyumbani, na kwamba ni lazima lango la juu nalo lichimbwe.